Ukuta wa Mchanga na Ufundi wa Gemu

Abiria apitaye Kambu katika njia kuu ya Nairobi na Mombasa, akitazama mibuyu na malori yaliyopumzika kando ya barabara, ni nadra kudhani kuwa mji mdogo huo una mali ghafi ya sanaa iliyo changa miongoni mwa sanaa zote. Nayo ni sanaa ya kubuni michezo ya video, ambayo vijana huiita gemu, na ambayo mtu mmoja asiye na mwajiri aweza kuifanya kazi ya maisha yake.

Aghalabu watu hudhani kuwa asili ya gemu ni picha. La, asili yake ni kanuni. Bao la kete lina mashimo 32 na kete 64, wala halina picha hata moja, lakini limewakalisha wazee barazani dahari nyingi, kwa sababu kila zamu humlazimisha mchezaji kuchagua, na kila uchaguzi una gharama yake. Mbunifu wa gemu ni mrithi wa sanaa hiyo.

Tutwae mfano wa Ukambani. Katika mito ya msimu ya Makueni na Kitui, vikundi vya mwethya, yaani vya ujima, hujenga kuta za mawe na saruji juu ya mwamba, ili mafuriko yarundike mchanga nyuma yake, na maji yasitiriwe humo jua lisiyafyonze. Ukuta ukipandishwa mno kwa mara moja hujaa tope, ambalo halitoi maji. Ukipandishwa kwa daraja, msimu baada ya msimu, hujaa mchanga safi. Hapo pana gemu nzima: saruji ni haba, mawingu yametanda, mifugo ina kiu, je, mchezaji aumalize ukuta leo, ama astahimili? Kijana wa Kambu aliyekulia mtoni ana ilimu ambayo mbunifu wa Tokyo hana budi kuisafiria.

Njia imekwisha kufunguliwa. Mwaka 2007 Wesley Kirinya, Mkenya, alitoa gemu ya The Adventures of Nyangi, na mwaka 2009 yeye na Eyram Tawia wa Ghana wakaasisi Leti Arts, yenye gemu na katuni za mashujaa wa Kiafrika. Mwaka 2015 Andrew Kaggia alitoa Nairobi X, ambamo mchezaji huulinda mji na wavamizi kutoka anga za mbali. Lakini anishangazaye zaidi ni Lual Mayen wa Sudan Kusini, aliyelelewa katika kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda. Mama yake alidunduliza dola 300 kwa miaka mitatu ili amnunulie kompyuta, naye akawa akitembea mwendo wa saa tatu kwenda kuichaji. Katika gemu yake, Salaam, mchezaji ni mkimbizi atafutaye maji, chakula na amani.

Riziki ya kazi hii huja polepole. Zana za kuundia gemu zipo bure, kama Godot. Duka la Google hutoza dola 25 mara moja tu, na duka la Steam hutoza dola 100 kwa kila gemu, kisha hutwaa asilimia 30 ya mauzo ya kawaida. Kilicho ghali ni wakati: Eric Barone wa Marekani alikesha peke yake zaidi ya miaka minne kabla ya kuitoa gemu yake, Stardew Valley, mwaka 2016. Kwa hiyo mwenye busara hushika kazi nyingine ya kumlisha, na huanza na gemu ndogo awezayo kuitimiza.

Akiisha kuitimiza, na ampe simu utingo aliyeshuka kupumzika Kambu, mwenyewe anyamaze kimya, atazame kidole cha mgeni huyo kinasita wapi. Hapo aliposita ndipo pa kutengeneza. Kisha arudie, msimu baada ya msimu, kama wapandishavyo ukuta watu wa mwethya.