Fahamu: Jaji wa kaunti Texas ana kazi gani?

Mafuriko ya Mto Guadalupe yalipoua zaidi ya watu 100 katika Kaunti ya Kerr, Texas, Julai 2025, miongoni mwa viongozi waliohojiwa na wanahabari alikuwa jaji wa kaunti. Kwa nini jaji?

Ni kiongozi wa kaunti
Kila moja ya kaunti 254 za Texas humchagua jaji wake kwa miaka 4. Huongoza baraza la makamishna 4, naye ana kura moja kama wao. Baraza hupitisha bajeti, hupanga kodi ya ardhi na majengo, na hugharamia barabara na jela.

Wakati wa maafa
Anaweza kutangaza hali ya maafa na kuamuru watu wahame. Tangazo likipita siku 7, lazima baraza liridhie.

Na kesi?
Katika kaunti ndogo husikiliza mirathi na makosa madogo. Katika kaunti kubwa kama Harris, uliko mji wa Houston, kazi hiyo hufanywa na mahakama nyingine. Si lazima awe mwanasheria.

Anayeshika bajeti na amri ya kuhama ameshika maisha ya watu. Uchaguzi wake usipuuzwe.