Mchunga na Siri ya Maji ya Kwanza

Kuna mboga moja hapa kwetu Pwani ambayo mtu ama huipenda kwa moyo wake wote, ama huikimbia. Mboga yenyewe ni mchunga, ambao ndugu zetu Wagiriama na Wadigo huuita mutsunga. Nikipita sokoni Kongowea huuona umefungwa mafungu mafungu, na huwaona mabibi harusi wa juzi wakiupita kana kwamba ni nyasi, wakienda zao kwenye kabeji na sukuma wiki. Ukimwuliza mmoja wao sababu, atakujibu kwa neno moja tu: mchungu.

Naam, ni mchungu, wala hapana haja ya kuficha. Lakini hebu tujiulize: ni nani hapa Mombasa asiyekunywa kahawa chungu? Wazee hukaa barazani baada ya sala ya alasiri wakaimimina finjani baada ya finjani, na kipande cha halua kando, wala hajasikika mtu akilalamika kwamba kahawa ni chungu. Tena atakayewapelekea kahawa isiyo chungu watamrudisha nayo. Basi uchungu peke yake hauna kosa. Kosa ni uchungu usiopata mwenzake wa kuutuliza, na kazi hiyo ya kuutafutia mwenzake ndiyo inayopotea majumbani mwetu.

Nasema inapotea, na hasara yake si ndogo. Nyumba nyingi za Pwani sasa zina mgonjwa wa sukari. Kwangu mimi ni mavyaa, ambaye daktari alimwambia apunguze wali na sima, na nusu ya sahani yake iwe mboga za majani. Agizo ni jepesi kulisema. Lakini mtu mzima aliyekula wali wa nazi maisha yake yote, ukimwekea kabeji iliyochemshwa kwa maji na chumvi, ataila siku mbili, na siku ya tatu atakwambia hana njaa. Chakula kisicho na ladha hakimsaidii mgonjwa, kwa kuwa hakili. Mavyaa aliponambia, "Mwanangu, nipikie mchunga, hiyo ndiyo mboga," nilijua kwamba nimepewa kazi ya kufanywa vizuri.

Kwanza tutazame uchungu wenyewe watoka wapi. Ukivunja jani la mchunga utaona utomvu mweupe kama maziwa. Humo ndimo mlimo uchungu wenyewe. Mchunga ni wa ukoo mmoja na letasi, ile saladi ya mahoteli, na letasi nayo ikizeeka ikatoa maua hutoa utomvu huo huo ikawa chungu. Kwa hiyo anayenunua mchunga na atazame umri wake kwanza. Chukua ule wenye majani machanga, laini, usiochanua yale maua yake ya manjano. Baada ya mvua za masika kuanza ndipo hupatikana ulio mzuri zaidi. Ule wa wakati wa jua kali, uliokomaa ukawa mgumu, nao hulika, ila wataka subira.

Ulaya wana mboga yao yenye sifa mbaya kama hii, vile vikabeji vidogo vya Ubelgiji ambavyo vizazi na vizazi vya watoto wa Kiingereza vimelazimishwa kuvila. Wataalamu wa Uholanzi katika miaka ya 1990 walichunguza ni kitu gani hasa kinachovitia uchungu, kisha wakachagua mbegu zenye uchungu mdogo zaidi, na leo watu wanavila kwa hiari yao. Mchunga wetu haujapata bahati hiyo. Huota wenyewe shambani kama gugu, na kazi ya kuulainisha imeachiwa chungu na mpishi.

Sasa tuingie jikoni. Mchunga huoshwa kwa maji mengi, mara tatu au nne, maana mchanga hujificha kwenye mikunjo ya jani. Toa vile vijiti vigumu vya katikati. Injika sufuria kubwa ya maji, na maji yawe mengi kweli, uyatie chumvi, uyaache yatokote sawasawa kabla hujatia jani hata moja. Hapo ndipo wengi hukosea: hutia mchunga pamoja na maji kidogo ya baridi, wakafunika, wakaenda kutazama mambo mengine. Uchungu utakwenda wapi? Umefungiwa ndani na maji machache, na utarudi pale pale ulipotoka. Maji mengi yanayotokota huuvuta ukatoka. Usifunike. Dakika kumi zatosha kwa mchunga mchanga. Kisha mwaga maji yale, suuza kwa maji baridi, ukamue kwa viganja mpaka uwe donge. Onja. Ukiwa bado wakukereketa, upitishe maji ya pili, lakini usizidishe, kwani mchunga uliochemshwa mara tatu hauna uchungu, hauna ladha, hauna kitu. Magadi usitie. Hulainisha upesi, ni kweli, lakini hugeuza majani yakawa uji na huharibu vitamini.

Katakata donge lile juu ya ubao, kisha lichanganye na mboga nyingine tulivu. Mimi hupenda fungu moja la mchunga kwa mafungu mawili ya mchicha. Wengine hutia majani ya kunde, nayo ni mazuri zaidi kwa kuwa yana uzito wake. Mwenye kuuzoea ataongeza mchunga kidogo kidogo siku zijazo, na hatimaye atapika mtupu.

Na mwenzake wa mchunga ni nazi. Kuna nazi, basi kuna mchunga. Mafuta ya nazi huufunika ulimi, uchungu ukapita bila kuuma, na chumvi nayo huuzima uchungu kuliko watu wanavyodhani. Onja kabla na baada ya kutia chumvi utaniamini. Kuna faida nyingine tena. Vitamini A iliyomo katika majani haiingii mwilini vizuri pasipo mafuta. Bibi zetu hawakuambiwa hayo na mtu, lakini hawakupika majani bila tui.

Kuna nazi yako kwa mbuzi, kamua tui la kasimile uliweke kando, kisha kamua tui jepesi. Katika tui jepesi tia kitunguu kilichokatwa, nyanya mbili, pilipili mbichi nzima usiyoipasua, na chumvi. Likichemka na nyanya zikiiva, tia mboga zako. Ukiwa na kipande cha ng'onda, kiroweke mapema kipungue chumvi, ukichambue, ukitie hapa. Uduvi nao wafaa. Mboga zikikaribia kukauka, mimina kasimile, punguza moto, na ukoroge bila kuondoka. Moto ukiwa mkali tui litakatika, na utabaki na mafuta juu na machicha chini. Likitokota kidogo tu, epua. Ndimu ikamuliwe mezani, kila mtu kwenye sahani yake, isije ikalikata tui sufuriani.

Kwa mgonjwa wa sukari au wa presha, kasimile na chumvi vipungue. Mavyaa nampikia kwa tui jepesi na kasimile vijiko viwili vya mwisho, na ng'onda simtilii ila samaki mbichi wa kuchoma kando. Sahani yake hurudi tupu.

Hata hivyo kwa mavyaa huyo huyo nina mgogoro mmoja ambao haujesha. Hataki nimwage maji ya kwanza. "Hayo ndiyo dawa," hunambia, na wapo wengi wasemao hivyo, kwamba mchunga hutibu tumbo, homa, na sasa sukari. Mimi simkatalii mzee wangu mbele ya watu. Lakini naona ni wajibu kusema hapa: wataalamu wameujaribu mchunga katika maabara, hata kwa panya wenye sukari, na panya si binadamu. Kwamba mtu anywe kikombe cha maji machungu asubuhi kisha aache vidonge vyake, hilo ni jambo la hatari, na mwisho wake twaujua, kwa macho na kwa miguu ya wagonjwa. Mchunga ni mboga njema. Tuule kama mboga. Na mwenye kutumia dawa za kuzuia damu kuganda amweleze daktari wake kiasi cha majani anachokula, asile mengi wiki moja na kukosa kabisa wiki ya pili.

Watoto je? Ulimi wa mtoto huhisi uchungu zaidi kuliko wetu, kwa hiyo usimchape wala usimwite mdeko. Mpe tonge moja dogo la sima lenye mchunga kidogo na tui jingi, kisha umwache. Twajua kwamba Mtume (S.A.W.) hakuwa akikitia chakula ila, akikitamani hula, na asipokitaka hukiacha. Mtoto naye aruhusiwe kuacha, mradi asiseme "kibaya" mbele ya aliyepika. Kesho mwandalie tena.

Jambo jingine ni mahali pa kuchuma. Viwanja vingi vya Kisauni na Likoni palipokuwa pakiota mchunga sasa pana nyumba, na watu huchuma kandokando ya barabara na mitaro. Mimi huo sili. Moshi wa magari na maji machafu havitoki kwa kuosha. Afadhali kununua kwa mama anayetoka shambani na umwulize kautoa wapi, hakasiriki. Ama upande kwenye debe: ukipata mzizi mmoja tu na udongo wa kichanga, utachoka wewe, hautachoka wenyewe.

Ukichemsha mwingi, yale madonge yaliyokamuliwa huwekwa kwenye friji siku mbili bila tui. Uliokwisha kutiwa nazi usilazwe nje na joto letu hili. Nami huubakisha kidogo makusudi, nikaupasha moto asubuhi na mapema kwa muhogo wa kuchemsha, kabla wengine hawajaamka.