Magadi ya jikoni na bahari ya Zohali

Iwapo juzi mlipika mrenda nyumbani kwenu Kondele au Nyalenda, huenda mama alitia magadi kidogo ili mboga ilainike upesi. Je, wajua kwamba chumvi za jamii hiyo zimepatikana katika bahari ya Enceladus, mwezi mdogo unaoizunguka sayari ya Zohali?

Mwezi huo una upana wa kilomita 500 hivi. Juu ni ganda la barafu. Chini yake mna bahari. Mwaka 2005 chombo cha anga kiitwacho Cassini kiliona maji yakifoka kupitia nyufa za barafu hiyo. Kilinasa chembe zilizotoka humo, kikazipima, na magadi yakaonekana. Mwaka 2023 wanasayansi waliochambua vipimo hivyo walitangaza kwamba mna fosfeti pia, kitu ambacho kila kiumbe hai hukihitaji.

Kuna viumbe, basi? Hakuna ajuaye. Cassini ilisafiri karibu miaka saba kufika Zohali, na huko hakuna fundi wa kuitwa kifaa kikikosea. Ndiyo maana vifaa hujaribiwa kwanza hapa duniani, mahali panapofanana na kule. Taabu ni kwamba hakuna mahali panapofanana kwa kila hali. Anayetafuta barafu nene huenda Antaktika, ambako ziwa Vostok limefunikwa na barafu ya takriban kilomita nne. Anayetafuta chemchemi za moto gizani hushuka kwenye sakafu ya Bahari ya Atlantiki. Na anayetafuta maji ya magadi?

Huyo mwaweza kumkaribisha kwetu. Panda matatu hapo Kisumu, upite Ahero na Katito hadi Kendu Bay. Karibu na hapo liko ziwa Simbi Nyaima, shimo la volkeno lililojaa maji ya magadi ilhali Ziwa Victoria, lenye maji matamu, li jirani tu. Wazee husimulia kwamba kijiji kizima kilididimia humo usiku mmoja, baada ya bibi kizee kunyimwa hifadhi. (Watoto wakiisikia hadithi hiyo, hawamfukuzi mgeni tena!)

Lakini tazama rangi ya maji yake: kijani. Ni viumbe vidogo mno, chakula cha heroe, na viumbe hivyo huishi kwa mwanga wa jua. Chini ya barafu ya Enceladus jua haliingii kamwe. Kifaa kitakachotumbukizwa Simbi kitapiga kelele "uhai!" kwa kila tone, hata kama ni kifaa kibovu. Ni sawa na kumpa mwanafunzi mtihani huku majibu yameandikwa ubaoni.

Kwa maoni yangu, basi, Simbi si mahali pa kupimia kama kifaa kinaweza kugundua uhai ulio haba. Faida ya maziwa ya aina hii ni katika swali la fosfeti. Katika maziwa mengi, kalsiamu huishika fosfeti na kuizamisha tumboni mwa tope. Katika maji ya magadi, kalsiamu hutekwa kwanza na kaboneti ikawa chokaa, na fosfeti hubaki majini, tayari kutumiwa. Huenda jambo hilo hilo ndilo linalotokea kule Zohali. Hilo laweza kuchunguzwa huku viatu vikiwa na vumbi la Kendu Bay, pasipo roketi.

Mwanafunzi mwenye ruhusa ya mwalimu na achukue karatasi nyekundu ya litmasi kutoka maabara. Aichovye katika kikombe cha maji yaliyotiwa magadi ya jikoni, kisha nyingine katika maji ya Simbi. Zote mbili zitageuka samawati.