Kuvuka Mpaka Hakuondoi Zuio la Mahakama

Wananchi wapendwa wa maeneo ya mipakani,

Wengi wenu mna ndugu Kigali, na baadhi yenu hununua nyumba huko. Kwa sababu hiyo tunaeleza jambo ambalo kutolielewa huwatia watu hasara: zuio la mahakama.

Zuio ni amri inayomkataza mtu kutenda jambo fulani, kama vile kuuza, kujenga au kubomoa. Lipo zuio la muda, linalodumu wakati shauri linaposikilizwa, na lipo la kudumu, linalotolewa pamoja na hukumu.

Tuchukue mfano wa ndugu wawili wanaogombania nyumba ya marehemu baba yao iliyoko Batsinda, sekta ya Kinyinya, wilayani Gasabo. Mahakama inamkataza kaka mkubwa kuiuza mpaka shauri liamuliwe. Amri hiyo haisemi kwamba nyumba ni ya mdogo wake. Inailinda tu, ili hukumu isije ikakuta mali imekwisha kutoweka. Kaka akivuka Gatuna na kupokea fedha za mnunuzi huko Kabale, amekaidi amri vilevile, kwani zuio linamfunga yeye, na nyumba haikuvuka naye. Mnunuzi huenda akabaki na karatasi mkononi, bila nyumba wala fedha.

Hata wakubwa hufungwa na amri hizi. Tarehe 27 Novemba 2006, Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki ilizuia kwa muda wajumbe 9 wa Kenya wasiapishwe katika Bunge la Jumuiya. Hukumu ilifuata tarehe 30 Machi 2007.

Ukikabidhiwa zuio, tazama mambo manne: nani anakatazwa, anakatazwa nini, kuhusu mali ipi, na hadi lini. Usiporidhika, litii kwanza, kisha uiombe mahakama ilibadilishe. Sisi polisi hatuna mamlaka ya kuliondoa, wala mkuu wa kijiji hana. Hata mkipatana nyumbani, ifahamisheni mahakama, kwani ndiyo iliyofunga na ndiyo itakayofungua.

Nawe mnunuzi, usitoe fedha kabla ya kuchukua namba ya kiwanja, UPI, na kuulizia katika ofisi ya ardhi ya sekta kama kiwanja hicho kina zuio. Uliza pia majirani wa nyumba hiyo. Mali bila daftari hupotea bila habari.