Daftari la Mji ni Ngao ya Jamaa

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Wafanyabiashara ndio waliozoea kuutaja usemi huu, lakini wakazi wa mpakani, tangu Busia hadi Tororo, wana sababu kubwa zaidi ya kuufikiri. Kwao, kwa kukosa daftari, mtu aweza kupoteza pia uraia, urithi wa mayatima na haki ya mjane.

Busia ni jina la miji miwili iliyoshikana, mmoja Kenya na wa pili Uganda. Tororo, ulio kaskazini yake chini ya jabali linaloonekana kutoka mbali, umo Uganda, si mbali na kituo cha mpakani cha Malaba. Wasamia na Wateso wanaishi pande zote mbili. Mwaka 1902 Waingereza waliutoa Mkoa wa Mashariki wa Uganda na kuutia katika himaya ya jirani, ambayo tangu 1920 iliitwa Koloni la Kenya. Mwaka 1926 amri iliyotolewa Uingereza ikaueleza mpaka huo kwa maandishi. Basi ndugu wa ukoo mmoja wakajikuta chini ya serikali mbili, na babu zao wakaandikwa katika madaftari ya ofisi mbalimbali.

Jambo hilo halikuishia katika historia. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 yamtambua kuwa raia wa kuzaliwa mtu aliyezaliwa Uganda ambaye mzazi wake au babu yake ni wa mojawapo ya makabila yaliyokuwa yakikaa ndani ya mipaka ya nchi tarehe 1 Februari 1926. Wasamia na Wateso wamo katika orodha hiyo. Lakini kuwamo kwa kabila katika orodha ni jambo moja, na mtu kuonyesha kwamba babu yake alikaa upande huu wa mpaka ni jambo jingine. Wazee wenye kumbukumbu wanakwisha. Kinachobaki ni karatasi.

Karatasi Hizo Zimo Wapi?

Watu wengi hudhani kwamba ofisi ya mji ni mahali pa kulipia ushuru wa soko tu. Kumbe kila idara huandika historia ya mji pasipo kujua. Karani wa mji huweka kumbukumbu za vikao vya madiwani, ambamo yameandikwa majina ya waliopewa viwanja na waliokataliwa. Mweka hazina ana vitabu vya kodi ya majengo, vinavyoonyesha ni nani aliyelipia nyumba ipi na mwaka gani. Mhandisi ana ramani za viwanja na michoro ya majengo. Bwana afya ana habari za mazishi, za machinjio na za magonjwa yaliyopata kuingia mjini.

Thamani ya vitabu hivyo ilionekana Uganda baada ya mwaka 1972, Idi Amin alipowafukuza Waasia. Tororo, kama miji mingine ya Uganda, ulikuwa na maduka na nyumba zao. Sheria ya mwaka 1982 ilipofungua njia ya kuwarudishia mali, na madai yakaja kwa wingi katika miaka ya 1990, swali lilikuwa moja tu: hati iko wapi? Mwenye karatasi alisikilizwa. Asiyekuwa nayo alibaki na masimulizi.

Tena tuikumbuke tiketi ya kodi ya kichwa, ile iliyopimwa kwa kadiri ya mapato ya mtu. Kodi hiyo ilichukiwa sana, hata mwezi wa Januari 1960 ghasia zikazuka katika Wilaya ya Bukedi, ambamo Tororo ulikuwamo, na machifu wakashambuliwa majumbani mwao. Ilisimamishwa mwaka 2005. Hata hivyo, kwa miaka mingi tiketi ile ndiyo iliyokuwa kitambulisho cha mwanamume wa kawaida barabarani, nayo ilitaja jina lake na gombolola yake. Familia iliyoitunza tiketi ya babu inao ushahidi mkononi wa mahali alipokaa.

Askari Huhama, Daftari Halihami

Sisi wa familia za askari na polisi tuna shida yetu ya pekee. Tuchukue mfano. Askari mwenyeji wa Busia apangwa kambi ya Rubongi, Tororo. Mkewe ajifungua hapo, na mtoto aandikwa hapo. Baada ya miaka miwili baba ahamishiwa Gulu, na huko azaliwa mtoto wa pili. Ndoa yao ilifungwa nyumbani kwa wazazi wa mke, ng'ambo ya mpaka. Ikiwa baba atafariki, mjane atahitaji cheti cha ndoa kutoka nchi moja, na vyeti vya watoto kutoka miji miwili ya nchi nyingine. Kwa upande wa Uganda ataanza na barua ya mwenyekiti wa LC1. Kwa upande wa Kenya ataanza na barua ya chifu. Jina la marehemu likiwa limeandikwa kwa tahajia mbili, hapo ndipo safari za kwenda na kurudi huanza, na nauli hutoka katika fedha ya chakula cha watoto.

Sheria za kulinda kumbukumbu za serikali zipo. Kenya ilitunga yake mwaka 1965, na Uganda mwaka 2001. Tangu mwaka 2015 Uganda imeikabidhi mamlaka moja, NIRA, kazi ya kuandikisha vizazi na vifo. Lakini ya zamani yaliandikwa katika ofisi za wilaya, miji na magombolola. Upande wa Kenya, mabaraza ya miji na ya wilaya yalikwisha mwaka 2013, serikali za kaunti zilipoanza. Ofisi inapobadilisha jina au kuhamia jengo jipya, vitabu vya kale huwa hatarini. Mchwa na mvua hula upesi kuliko miaka. Karani anayesukuma marundo ya karatasi stoo ili apate nafasi ya kiti aweza kuwa anatupa nyumba ya yatima.

Yatupasayo Nyumbani

Kila nyumba yaweza kuanza leo:

1. Tumia sanduku la bati lenye kifuniko, uliweke juu ya matofali au meza, mbali na ukuta wenye unyevu.

2. Weka humo vyeti vya kuzaliwa, ndoa na vifo, stakabadhi za kodi ya kiwanja, barua za kazi, na tiketi za wazee.

3. Usikigandishe cheti halisi ndani ya plastiki ya moto, kwani hakiwezi kutolewa tena bila kuharibika. Bahasha ya kawaida yatosha.

4. Toa nakala, na uziweke kwa ndugu unayemwamini katika nyumba nyingine.

5. Hakikisha kwamba majina yameandikwa namna moja katika kila karatasi. Kosa hurekebishwa kwa urahisi zaidi mwenyewe akiwa hai.

6. Andika katika daftari la shule: nani alizaliwa wapi, tarehe gani, na cheti kilitolewa na ofisi ipi. Mke na watoto wakubwa walijue daftari hilo.

Kwa wenzangu watumishi wa halmashauri, ombi ni dogo: kitabu cha kale kisitupwe kabla ya kuwauliza watunza nyaraka wa taifa, na chumba cha kumbukumbu kiwe na rafu, ufunguo na mtu anayejulikana kuwa na dhamana nacho. Mjane atakayekuja na jina la mumewe mkononi atakuwa ametoka mbali. Akute kitabu kipo.