Ukikua, usimsahau anayesubiri mlangoni



Mpendwa msomaji, miaka kadhaa iliyopita nilikuwa paroko wa parokia moja huku pwani ya Tanga. Parokia ilikuwa inakua. Tuliongeza Misa ya tatu ya Jumapili, tukaezeka kigango kipya, kwaya zikafika nne. Kila nilipokutana na mapadre wenzangu nilikuwa na la kusimulia.

Asubuhi moja baada ya Misa, mama mmoja mjane alinisubiri mlangoni. Akanieleza kwa upole kwamba ametoka upande wa Pangani kwa mara ya tatu, akifuata cheti cha ubatizo cha mwanawe anayetaka kufunga ndoa. Mara ya kwanza alikuta ofisi imefungwa. Mara ya pili aliambiwa mwenye ufunguo wa kabati la vitabu yuko safarini. "Baba Paroko, nauli ya leo nimekopa," akasema.

Mwenye ufunguo wa kabati nilikuwa mimi. Cheti kilichukua dakika kumi kuandikwa.

Siku ile nilirudi kusoma Matendo ya Mitume, sura ya 6, kwa macho mengine. Kanisa la Yerusalemu lilikuwa linakua haraka, na katika kukua huko wajane wa Wayahudi waliosema Kigiriki wakawa wanasahaulika katika mgawo wa kila siku. Hakuna aliyekusudia kuwanyima. Kazi ilizidi mikono, na waliokuwa pembeni ndio walioumia kwanza. Watu wao wakanung'unika.

Tazama walichofanya Mitume. Hawakumtafuta aliyeanzisha maneno ili wamkaripie. Waliita mkutano, wakakiri kwamba hawawezi kuhubiri na kuhudumia meza kwa wakati mmoja, wakaomba jamaa ichague watu saba wenye sifa njema. Sasa soma majina ya hao saba: Stefano, Filipo, Prokoro na wenzao. Yote ni majina ya Kigiriki. Kazi walikabidhiwa watu walioijua lugha ya walalamikaji. Na aya ya 7 inatuambia kwamba baada ya hapo Kanisa lilizidi kukua, hata makuhani wengi wakaamini.

Labda utasema, "Hayo ni ya Kanisa, mimi nina biashara." Basi tuangalie mkonge wetu. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche kutoka Florida. Iliyofika hai ilikuwa 62 tu, ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Kutokana na mwanzo huo mdogo, kufikia mwaka 1964 nchi yetu ilizalisha takribani tani 230,000, ikiongoza duniani. Mwishoni mwa miaka ya 1990 zilibaki kama tani 20,000 kwa mwaka.

Sababu za kuanguka huko ni nyingi, zikiwemo bei ya dunia na namna mashamba yalivyoendeshwa baada ya kutaifishwa kuanzia mwaka 1967. Lakini mojawapo ilikuwa mteja. Mkulima wa Ulaya na Marekani aliyekuwa akifunga majani makavu kwa kamba ya mkonge alipata kamba ya plastiki kwa bei nafuu, akahama. Mteja haandiki barua ya kuaga. Yule mjane alinirudia mara tatu kwa sababu cheti kile hakukipata kwingine. Anayekuja dukani kwako hana haja ya kurudi hata mara ya pili.

Wewe mwenye duka, mwenyekiti wa SACCOS, meneja wa nyumba ya wageni au mmiliki wa mabasi, pokea ushauri wa mtu aliyekosea. Mara moja kwa wiki toka ofisini, ukakae kwenye benchi wanapokaa wanaosubiri huduma. Yule kijana wa dirishani mpe mamlaka ya kumaliza mambo madogo bila kukungoja wewe. Kama kila jambo lina ufunguo mmoja na ufunguo huo uko mfukoni mwako, ukubwa wa shirika lako utakuwa mzigo kwa maskini. Na mfanyakazi anapokuletea malalamiko ya mteja, mshukuru mbele ya wenzake. Ukimfokea leo, kesho atakuficha.

Wazee wetu walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Anayekuja na shida yake anakuja pia na dawa yetu. Mama yule aliniponya kiburi cha kuhesabu Misa na kwaya, huku nikishindwa kumhesabu mtu mmoja aliyekopa nauli.

Juma lile lile nilichonga ufunguo wa pili nikamkabidhi katekista, na saa za ofisi tukazibandika mlangoni. Ni jambo dogo, na lingeweza kufanyika miaka miwili kabla.

Ndugu yangu, Jumapili hii kabla hujamshukuru Mungu kwa jinsi kazi yako ilivyokua, jiulize: ni nani aliyekuja kwako mara mbili akarudi mikono mitupu? Ukimkumbuka, usingoje aje mara ya tatu. Jumatatu asubuhi mtafute.

Mungu akubariki katika kazi ya mikono yako. Amina.