"Ulinzi" na "Usalama" katika Lugha ya Dola

Maneno haya mawili hutumiwa mara nyingi kana kwamba ni mamoja, lakini yatofautiana kwa asili na kwa maana. "Ulinzi" watokana na kitenzi cha Kibantu "linda", nao ni tendo: sharti pawe na mlinzi na kitu kilindwacho. Mkulima wa Lugoba akeshaye shambani kuwafukuza nguruwe yumo katika ulinzi. "Usalama" umeundwa kwa neno "salama", lenye asili ya Kiarabu, na kiambishi u-. Nao ni hali. Mkulima huyo na jirani zake walalapo bila hofu, wana usalama.

Dola imeyatumia yote mawili. Baada ya maasi ya askari ya Januari 1964, liliundwa Jeshi la Wananchi mwezi Septemba mwaka huo huo. Na Ibara ya 28 ya Katiba ya 1977 yamwekea kila raia wajibu wa kuilinda nchi. Sheria ya 1996 nayo iliiweka kisheria Idara ya Usalama wa Taifa. Basi "mtu wa usalama", katika mazungumzo, si mtu aliye salama, bali ni ofisa wa idara hiyo. Jina la hali limekuwa jina la kazi.

Sarufi yaruhusu badiliko hilo. Lakini raia asikiapo "usalama" akawaza ofisi tu, huenda akasahau kuwa hali yenyewe ni haki yake, na kwamba ofisi iliwekwa kwa ajili ya hali hiyo. Kwa hiyo yafaa kamusi zitenge maana hizi mbili, ile ya hali ikitangulia.